Diski Mbili za Seva ya Kianda: Mafunzo Niliyopata

Ofisi nyingi za vikundi hapa Kianda, Nairobi, zina kompyuta moja inayobeba kila kitu: majina ya wanachama, michango ya kila wiki, mikopo, watoto wanaolipiwa karo, nakala za vitambulisho na za vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta yenyewe huwa ya mtumba, au imetolewa na mfadhili aliyekuwa akibadilisha za kwake. Sokoni haina bei ya maana. Kilichomo ndani yake hakiuzwi popote.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na haya niliyapata katika kazi moja. Kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa kilikuwa na seva ndogo iliyotumia Linux ya Ubuntu. Ndani mlikuwa na diski mbili za gigabaiti 500 zilizopangwa kuakisiana, pamoja na ile sehemu inayowasha mfumo. Usiku mmoja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na seva ikanyamaza. Jina la kikundi sitalitaja. Sababu iko katika funzo la saba.

1. Kompyuta inaweza kufa na kumbukumbu zikabaki hai

Nilimkuta katibu amekaa mbele ya seva kama mtu aliyefiwa. "Fundi, tumekwisha," akaniambia. "Miaka yetu yote ilikuwa humo." Nikamjibu, "Mama, subiri kidogo. Diski sijaziangalia bado."

Harufu ya kuungua ilitoka kwenye kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na ubao mkuu nao haukuitikia hata nilipoupa kisanduku kingine. Hivyo ni vyombo vya kuendeshea kazi. Kazi yenyewe imeandikwa kwenye diski, na mara nyingi diski hupona hata pale ambapo kila kilichoizunguka kimeteketea. Watu wengi hawalijui hili, na mafundi wengine hawawaambii. Nimeona mashine zikiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu, diski zikiwa bado ndani, kwa sababu tu mwenyewe aliambiwa kwamba kompyuta imekufa.

Kuhusu kuakisiana: mfumo ukiandika neno kwenye diski ya kwanza, huliandika hilohilo kwenye ya pili, kama makarani wawili wanaojaza daftari mbili kutoka mdomo mmoja. Mpangilio huo huitwa RAID 1. Jina la RAID lilitokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa vizuri zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Napenda kuwakumbusha watu chanzo hicho, kwa sababu hapa kwetu RAID hudhaniwa kuwa anasa ya benki. Ilibuniwa kwa ajili ya diski za bei nafuu, na Kianda tunazo hizo.

2. Andika kabla ya kugusa

Kabla ya kuchomoa waya wowote nilipiga picha ndani ya seva kwa simu. Kila diski nikaibandika karatasi: ilikuwa juu au chini, waya wake uliingia tundu gani, namba yake ya kiwandani ni ipi. Diski mbili za aina moja zikishalala mezani hazitofautishwi kwa macho, na baadaye utaona kwamba tofauti kati yao ndiyo iliyokuwa kesi nzima.

3. Kataa msaada wa haraka

Kabla sijaitwa, kijana mmoja alikuwa amewashauri akina mama waitie diski moja kwenye kompyuta ya Windows, na ikiomba kupangwa upya, wakubali. Nashukuru hawakukubali. Windows haisomi diski ya Linux, na ikiona isichokielewa huuliza kama uifomati ndipo itumike. Anayebonyeza ndiyo anafuta mwenyewe orodha ya yaliyomo.

Njia nyingine inayovutia ni kuichomeka diski kwenye kompyuta nzima na kuiwasha kutoka hapo. Kwa kuwa sehemu ya kuwashia nayo imeakisiwa, mara nyingi itawaka kweli. Lakini mfumo ukiwaka huanza kuandika: kumbukumbu za matukio, faili za muda, saa ya mwisho wa kutumika. Diski inayougua inafanyishwa kazi nzito, na ushahidi wa hali yake unafunikwa. Nilizitoa zote mbili nikazipeleka kwenye kompyuta yangu ya kazi, ambayo haifungui diski ngeni mpaka niiamuru.

4. Diski mbili zinazoakisiana zinaweza kuwa na tarehe mbili

Hapa ndipo kazi ilipokuwa.

Kila diski iliyomo katika RAID ya Linux hubeba lebo yake: ni ya kundi gani, mara ya mwisho iliandikwa lini, na hesabu ya matukio iliyofikia. Programu ya mdadm huisoma lebo hiyo kwa amri ya kuchunguza tu, bila kubadilisha kitu. Diski zikiwa sawa, hesabu za matukio hulingana. Hizi hazikulingana hata kidogo. Diski ya chini ilikuwa imeandikwa mpaka jioni ile ile seva ilipoungua. Ya juu iliishia mwezi Machi, miezi kadhaa nyuma. Yaani seva ilikuwa imetembea kwa mguu mmoja muda wote huo, na hakuna aliyejua.

Nilitafuta sababu katika rekodi za afya ambazo diski hujiwekea zenyewe. Ya juu ilikuwa nzima: hakuna sehemu mbovu iliyohamishwa, hakuna inayosubiri. Ila hesabu ya makosa ya mawasiliano ilikuwa kubwa, na hesabu hiyo kwa kawaida huelekeza kidole kwenye waya. Nilipoutazama waya wake wa SATA, kichwa kilikuwa kimelegea. Diski nzima ilitupwa nje ya kundi kwa sababu ya waya wa shilingi mia na kitu. Ya chini, iliyobaki ikibeba mzigo peke yake, ilikuwa na sehemu ambazo haikuweza tena kuzisoma.

Tazama mtego huo. Mbele yangu kulikuwa na diski yenye afya na habari za zamani, na diski mgonjwa yenye habari za sasa. Fundi mwenye haraka angechukua ile inayosomeka vizuri, akafungua, akaona majina, akaona mikopo, akasema tayari. Akina mama wangepokea daftari la Machi wakidhani ni la leo. Waliolipa mikopo yao Mei wangeonekana bado wanadaiwa. Katika kikundi ambacho watu wanajuana kwa nyumba na kwa watoto, kosa kama hilo halibaki kuwa la kompyuta; linaingia kwenye urafiki wa miaka.

Tangu hapo sifungui faili hata moja kabla ya kulinganisha hesabu za matukio na tarehe za lebo zote mbili. Wala siziungi diski hizo pamoja kwanza. Kwa kawaida mdadm huitambua iliyobaki nyuma na kuikataa, lakini kama kuna mtu aliyekwisha kuiwasha kila moja peke yake na kuiandikia, hesabu zao huchanganyika na huwezi tena kuitegemea programu ikuamulie ipi ni ya kweli. Muulize mwenye mashine, kwa upole, nani amegusa nini tangu ilipozima.

5. Diski mgonjwa hunakiliwa kwanza, na kwa utaratibu wake

Diski yenye sehemu mbovu haivumilii kufunguliwafunguliwa. Kila ukilazimisha kusoma mahali palipoharibika unaisogeza karibu na mwisho. Kwa hiyo niliinakili yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwenye diski nyingine kubwa zaidi, na kazi iliyofuata nikaifanyia kwenye nakala.

Chombo changu ni GNU ddrescue, programu ya bure ya Antonio Díaz Díaz. Busara yake ni kuanza na yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka magumu, kisha kuyarudia magumu kidogokidogo baada ya mengine yote kuwa salama. Inaandika pia ramani ya mahali ilipofika. Kwa Nairobi ramani hiyo ni neema. Kusoma gigabaiti 500 kwa waya wa SATA wa ndani huchukua kama saa moja na nusu au mbili diski ikiwa nzima. Kupitia tundu la USB la zamani ni zaidi ya saa nne. Na diski ikiwa mgonjwa, muda haukadiriki. Hapa jioni, kila mtu akiwasha taa na jiko, umeme unaotakiwa kuwa volti 240 hushuka mpaka balbu ziwe nyekundu, na mara nyingine hupotea kabisa. Stima ikipotea, ramani inabaki. Ikirudi, unaendelea ulipoachia.

Mafundi wachanga wasisahau jambo moja, wasije wakajuta: kompyuta ya mkononi ina betri, lakini diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 kutoka kwenye adapta yake mwenyewe. Kompyuta itabaki inawaka na diski itazimika katikati ya kusoma. Adapta ya diski nayo ipitishie kwenye betri ya akiba. Vifaa hivi vinapatikana Luthuli Avenue bila shida, ila jaribu adapta na kikasha cha USB hapohapo dukani, maana kuna vikasha vya USB vinavyobadilisha ukubwa wa vipande ambavyo diski inajihesabia, na diski nzima ikaonekana kama tupu.

6. Kusoma tu kuna namna yake

Nakala ilipokamilika nilijaribu kuifungua, na mfumo ukakataa ukisema hautambui aina yake. Huo si msiba. Katika mpangilio wa zamani, toleo la 0.90 au la 1.0, lebo ya RAID hukaa mwishoni mwa sehemu ya diski, na upande mmoja unaweza kufunguliwa kama diski ya kawaida. Ndiyo maana sehemu za kuwashia zilipendelewa kuwekwa hivyo. Toleo la 1.2, ambalo sasa ndilo la kawaida, huweka lebo karibu na mwanzo, kilobaiti 4 ndani, na data yenyewe inaanzia mbele zaidi. Ukiisoma kama diski ya kawaida hutaona kitu. Asiyejua huanza kukarabati, na ukarabati wa mahali pasipoharibika ndio unaoharibu.

Dawa ni kuikusanya RAID ikiwa na upande mmoja, kwa kusoma tu: mdadm, na maagizo ya assemble, run na readonly. Kwenye kompyuta ngeni itajitokeza kwa jina la md127 au linalokaribia hilo, usishtuke. Kisha mfumo wa faili wa ext4 ufunguliwe kwa maagizo mawili, ro na noload. La pili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kompyuta iliyozimika ghafla huacha kazi nusu katika kitabu chake cha kumbukumbu, na ext4 hujaribu kuimaliza hata ukiiambia isome tu.

Kikwazo kilichonichelewesha kilikuwa kingine kabisa. Seva ilikuwa imegawa nafasi kwa LVM, mpango wa Linux unaokusanya nafasi ya diski katika kundi, na kisakinishi cha Ubuntu mara nyingi hulipa kundi hilo jina la ubuntu-vg. Kompyuta yangu nayo ilikuwa na ubuntu-vg. Makundi mawili yenye jina moja hayakai pamoja. Kwa muda mfupi niliiruhusu RAID ya nakala iandikwe, nikalibadilisha jina la kundi lililomo kwa kutumia kitambulisho chake kirefu, nikairudisha kwenye kusoma tu, na kila kitu kikafunguka.

Sehemu ambazo ddrescue haikuzipata ziliangukia kwenye barua za shule zilizokuwa zimeskaniwa. Zilikuwa za mwaka uliotangulia, na hapo diski ya juu, ile ya Machi, ikapata kazi. Barua hizo zilikuwemo humo nzima, hazijaguswa tangu hapo. Nilizichukua faili kwa faili, nikilinganisha majina, ukubwa na tarehe. Hifadhidata ya mikopo sikuichukua kutoka huko hata kipande. Na kwa hifadhidata usinakili jedwali mojamoja: beba folda yote ya MySQL, iwashe kwenye toleo lilelile, kisha toa yaliyomo kwa maandishi. MySQL ina mpangilio wa kulazimisha kuwaka, wenye ngazi 1 hadi 6. Kuanzia ngazi ya 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, hivyo utumie kwenye nakala ya nakala.

7. Fundi ameingia nyumbani kwa watu

Nikiwa nakagua kama faili zinafunguka, niliona ambayo jirani hapaswi kuona: nani anadaiwa, nani alikopa kwa ajili ya mazishi, mtoto wa nani anasomeshwa kwa sababu mzazi ni mgonjwa. Kianda ni ndogo. Nakutana na watu hao njiani kwenda mtaa wa Olympic.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa Data Novemba 2020. Sheria hiyo inaitaka taasisi imjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba data za watu zimevuja na kwamba kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika. Wengi hudhani inahusu kampuni kubwa. Mimi naamini inamhusu fundi mwenye diski ya kikundi mezani kwake. Tulikubaliana na katibu kwa maandishi: nafungua faili za kukagua tu, na yeye akiwepo, kazi ikiisha, nakala zangu nazifuta kwa kuziandika juu mbele yake, na diski mbovu anarudishiwa mwenyewe, haiendi kwa wanunuzi wa vyuma. Kijana anayejifunza kazi hii ajifunze na hilo.

8. Kuakisi hakulindi dhidi ya moto, mwizi wala kidole

Katibu aliniuliza swali zuri: "Kama diski zilikuwa mbili, kwa nini tuliogopa?" Kwa sababu diski ya pili hulinda dhidi ya jambo moja, yaani kufa kwa diski ya kwanza. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili papo hapo. Mwizi akibeba seva, kabeba zote. Kuna moto pia: Toi Market, soko la hapa jirani, iliteketea katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ikaungua tena mwaka 2019. Hapa kwetu, ambako mabati yamebanana, moto haubagui chumba chenye seva.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Tuliifuata kwa uwezo wa kikundi. Seva mpya ina diski mbili. Kila Ijumaa hifadhidata inanakiliwa kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, na mweka hazina anaondoka nayo kwenda kwake Kawangware. Orodha ya mikopo inachapishwa kila mwisho wa mwezi na kutiwa sahihi. Kuna aliyesema taarifa za M-Pesa zingetosha kurudisha hesabu. Zinarudisha michango, ni kweli. Makubaliano ya mikopo na majina ya watoto hazina.

9. Onyo lisilosomwa na mtu ni sawa na kutokuwepo

Seva ile ilikuwa ikilalamika tangu Machi. Mdadm hutuma barua ya onyo diski ikitoka kwenye kundi, lakini barua hiyo ilikuwa ikienda kwenye sanduku la ndani ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Aliyeisakinisha aliiacha hivyo na akaenda zake.

Nimemfundisha katibu kusoma alama moja. Kila Jumatatu anafungua faili ya /proc/mdstat na kutazama mwisho wa mstari. Akiona [UU], diski zote mbili zinafanya kazi. Akiona [U_] au [_U], moja imetoka, na ananipigia simu siku hiyohiyo. Hahitaji kujua zaidi ya hapo, na ameshawafundisha wenzake wawili.

Kama zahanati yenu, shule yenu au kikundi chenu kina seva yenye diski mbili, mwombeni anayeitunza awaonyeshe alama hiyo leo, mkiwa mmesimama naye. Mkikuta mstari mdogo mahali pa herufi, nakilini kwanza kila kitu kwenye diski ya nje, kisha angalieni waya kabla ya kununua diski mpya.